Tupeane uzoefu: hadithi za watoto unazisoma kwa lafudhi gani?

Mama Naila
Jamani jana usiku namsomea Naila hadithi ya sungura na fisi, nilipofika pale fisi anaita mdomo ukaniponyoka nikasema kama bibi yangu wa Kibokoni, "Ndoo hapa, nna nda mie!" Mtoto akainuka kitandani wima. "Mama, ndoo ya maji?" Nikamwambia kwa bibi Mombasa njoo ni ndoo, njaa ni nda, njia ni ndia. Basi fisi ikabidi aongee hivyo hadi mwisho, tumerudia mara tatu. Nyie je?

Baba Ghati
Umenikumbusha mbali dada. Mimi Mkurya, L ilinishinda toka utoto. Darasa la nne nikasimamishwa kusoma, pana neno "alilala", nikasoma "arirara", mwalimu akanirudisha mwanzo mara nne darasa zima linacheka, toka siku hiyo kipindi cha kusoma kwa sauti naomba ruhusa ya chooni. Nikakua hivyo mpaka nikaoa. Mwaka jana kijana wangu kaanguka mwembeni kavunjika mkono, tukalazwa wodi ya watoto siku tano. Usiku wa kwanza halali, analia, mama wa kitanda cha jirani akaniazima kitabu nikaanza kusoma kwa kunong'ona, "simba akarara kando ya kisima". Mtoto wa kitanda cha pili akasema, baba ongeza sauti. Nikaongeza, hiyo R ikawa inanguruma kama simba mwenyewe. Usiku wa tatu nikisema "Hadithi hadithi" wodi nzima inaitikia "Hadithi njoo!", drip ziko mikononi, mpaka nesi kasimama mlangoni anasikiliza.

Shangazi Tanga
Nimelia hapa dukani wateja wananiangalia.

Mwalimu Mstaafu
Pole sana baba. Ila mtoto anajifunza kwa masikio, akisikia "akarara" ndivyo atakavyoandika kwenye imla. Msomeeni sanifu.

Kijana wa Kisauni
Mwalimu shikamoo, lakini sanifu yenyewe ni Kiunguja kilichoteuliwa enzi za mkoloni, 1928, kisha ile kamati ya lugha ya 1930 ikakisanifisha. Tenzi na mashairi yalishaandikwa kwa Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu zamani sana. Ingeteuliwa Kimvita leo wewe ndo ungeambiwa "njoo" ni kosa!

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hayo nayajua, nimeyafundisha. Mtihani hauulizi nani aliteua.

Mama Wawili
Msigombane. Mimi msimulizi namsoma sanifu, wanyama kila mmoja na kwao. Na someni kabla ya chakula, wakishiba wanasinzia.

Shangazi Tanga
Kabla ya chakula?? Mtoto ana njaa atasikiliza nini, mlishe kwanza, zima taa, washa tochi.

Papa Lubumbashi
Kwetu tunasema mutoto, batoto. Niko Bruxelles, kitabu kinasema "watoto" mimi nasoma "batoto", wangu wanajua vyote viwili na shuleni hawachanganyi.

Baba Ghati
Wangu pia imla anapata vizuri mwalimu, yeye L anayo. Ila nikimsomea "akalala" kwa kujilazimisha ananikatiza, "baba, soma ya wodini".

Mama Naila
Baba Ghati, Naila yuko hapa anauliza, simba aliporara ikawaje?

Baba Ghati
Sungura akaja na kibuyu chake mgongoni. Mwambie asubiri, kijana akitoka shule tunarekodi, yeye atakuwa sungura.