Ushauri: siku 12 Tanzania kutoka Kisumu, niende wapi na niache wapi?

Mwalimu_wa_Kondele (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Shule zitakapofungwa mwezi Agosti ninakusudia kuwapeleka watu wangu Tanzania kwa siku 12, kwa gari letu wenyewe, nami nimekwama kabla hata ya kutoka mlangoni. Tuko watano: mimi na mke wangu, binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9, na mama yangu mzazi mwenye miaka 71 na goti linalomsumbua. Kila mmoja ana safari yake kichwani. Binti anataka Zanzibar na hataki kusikia habari nyingine, mvulana anataka simba, na mke wangu anasema popote asipolazimika kuwasha jiko patamtosha. Mama, ambaye katika ujana wake hakuruhusu mtu kupiga kelele Nyerere alipokuwa akizungumza redioni, ana ombi moja tu: afike Butiama alione kaburi la Mwalimu.

Nimeorodhesha Mwanza, Serengeti, Ngorongoro, Arusha, Moshi, Dodoma, Dar es Salaam, Zanzibar na, siku zikiruhusu, Kigoma tukaone Ziwa Tanganyika na sokwe wa Gombe. Jirani yangu mmoja aliisoma orodha hiyo akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Gari letu ni la kawaida, la chini. Naombeni mnisaidie kukata.

Mkulima_wa_Njoro (Nakuru)

Mwalimu, jirani yako ana haki ya kucheka. Kenya yetu ina kilomita za mraba takriban 580,000, na Tanzania ina zaidi ya 940,000. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa mama mwenye goti bovu hizo ni siku mbili za barabara ambazo hataona chochote ila mgongo wa dereva. Kigoma ifute leo. Gombe hufikiwa kwa boti, na sokwe hufuatwa kwa miguu milimani. Hiyo ni safari ya peke yake, ya mwaka mwingine, na ya watu wenye magoti mazima.

Dada_wa_Lurambi (Kakamega)

Mimi nitamtetea binti, maana naona hana wakili. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtoto wa miaka 14 anayesoma historia ya pwani atafaidika zaidi kwa kutembea katika vichochoro vile kuliko kukaa garini akihesabu pundamilia. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme ya abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na kutoka Dar mnavuka kwa boti ya mwendo kasi kwa muda wa kama saa mbili. Ila nikiri kwamba ukichagua bahari, basi chagua bahari peke yake na uache wanyama. Kuvichanganya vyote ndani ya siku 12 ni kulipia nauli badala ya matembezi.

Dereva_Mstaafu (Migori)

Mwalimu, nimeifanya njia hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza, liache gari nyumbani. Kreta ya Ngorongoro haiteremkwi na gari la chini, ni lazima liwe linalovuta kwa magurudumu yote manne. Na barabara ya kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, kuelekea Ngorongoro ni ya changarawe yenye mikunjo kama bati la paa, nayo italegeza kila skrubu uliyo nayo na kulimaliza goti la mama. Pandeni magari ya abiria hadi Isebania, vukeni mpaka kuingia Sirari, mwendelee hadi Musoma na Mwanza, kisha huko Mwanza mkodi gari la safari pamoja na dereva wake. Mtaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, ambalo liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, mpite ukanda wa magharibi hadi Seronera, mtokee lango la Naabi, mshuke kreta na mmalizikie Arusha. Kutoka Arusha mnarudi kwa basi kupitia Namanga, Nairobi na Nakuru. Huo ni mzunguko kamili, na mtakachorudia ni kipande cha barabara kati ya Mwanza na Ndabaka tu. Mnapopatana bei, ulizeni waziwazi kama inahusisha gari kurudi Mwanza tupu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi huanzia.

Pili, saa. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 na huhesabiwa tangu dakika mnayoingia langoni. Safari moja tulisimama Seronera kuwatazama simba waliolala juu ya mti, wasio na haraka yoyote, kisha tukapata pancha, na tulipofika Naabi tulikuwa tumechelewa kwa dakika 40. Tulilipa tena. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo mno kuliko wageni wengine, lakini ni lazima muonyeshe vitambulisho, na msitegemee kulipa kwa pesa taslimu.

Tatu, nyumbu. Kama mvulana ameahidiwa kuwaona wakivuka mto, mwambieni ukweli mapema: mwezi Agosti wengi wao huwa wamepanda kaskazini, upande wa Mto Mara, na wengine wameshaingia Maasai Mara, kwetu hapa hapa. Seronera atapata simba, chui akibahatika, viboko na twiga. Kreta yenyewe ina wanyama mwaka mzima. Ukingo wake una mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 na Agosti ni baridi kali, kwa hiyo mama afungashiwe sweta mbili na si moja.

Mwisho ni pasipoti kwa kila mtu, watoto wakiwemo, na kadi ya manjano ya chanjo. Nilipovuka mara ya kwanza na gari nilidaiwa kadi ya manjano, nikatoa ya chanjo kwa majivuno, kumbe iliyotakiwa ni ile ya bima ya gari ya COMESA. Nyote mtakuwa abiria, hiyo ya pili haiwahusu.

Mkaazi_wa_Nyamagana (Mwanza)

Karibuni sana, na mama nampa shikamoo yake. Kwa habari ya Butiama ondoeni shaka: si mbali na barabara kuu ya kutoka Sirari, kwa hiyo laleni Musoma usiku wa kwanza, asubuhi mkodi teksi. Kaburi liko Mwitongo, nyumbani kwa familia, na kuna makumbusho pia. Mahali penyewe ni vilima na mawe, pametulia. Mpeni mama nusu siku nzima, msimharakishe.

Watu wa Kisumu huniuliza waje Mwanza kufuata nini wakati ziwa ni lile lile. Mnalijua jabali la Kit Mikayi kule Seme? Sasa fikirini mji mzima uliojengwa katikati ya mawe ya namna hiyo, nyumba zimekaa juu yake na chini yake. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa iliyo dakika chache kwa boti kutoka katikati ya mji, na mama anaweza kukaa kivulini wakati watoto wanapanda mawe. Hotelini msiagize mbuta wala ngege, hamtaeleweka. Huku ni sangara na sato, na omena wenu ni dagaa.

Mkulima_wa_Njoro (Nakuru)

Nyongeza moja. Arusha mjini msikae, ni pa kubadilishia gari tu. Nendeni Moshi mlale siku mbili, muamke alfajiri kuitazama Kilimanjaro kabla ya mawingu kuifunika, na watoto waogelee katika chemchemi za Kikuletwa, maji ni safi hadi unaona vidole vya miguu.

Mwalimu_wa_Kondele (Kisumu)

Nawashukuru nyote. Nimekata hivi: Musoma na Butiama siku mbili, Mwanza mbili, Serengeti mbili, Ngorongoro na Karatu mbili, Moshi mbili, na mbili za kurudi nyumbani. Dereva, njiani nitaomba tusimame Olduvai, maana nimefundisha habari za fuvu la kale la jamii ya binadamu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 kwa miaka mingi bila kuliona hilo korongo. Dodoma, Dar es Salaam na Kigoma zimefutwa.

Dada wa Lurambi, mteja wako amenuna. Nimemwahidi kwamba likizo ya Desemba tutapanda treni hadi Mombasa, naye amejibu kwamba Mombasa si Zanzibar, na sikuwa na la kumjibu.

Kumbe kikwazo kilikuwa karibu zaidi: mama hana pasipoti. Kesho asubuhi nampeleka kuanza maombi, na tangu jioni ameshatoa kitambaa cha kichwa cha kupigiwa picha, hataki kuambiwa kwamba huenda akatakiwa kukivua.