Pedi za breki: bei chee au orijino kwa IST ya kushuka Kyela?

MkaziWaUyole:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nina gari Toyota IST, naishi Uyole na mara kwa mara nashuka nayo Kyela kufuata mchele, sasa pedi za mbele zimeisha mpaka zinakwaruza chuma kwa chuma. Mwanjelwa nimeonyeshwa aina mbili, moja boksi halina hata jina la kueleweka, muuzaji anasema ndo zinazotoka sana, nyingine za kampuni ya Akebono, bei karibu mara tatu. Fundi wangu anasema pedi ni pedi tu nisipoteze hela. Nichukue ipi?

Spana17:
Mkuu kwa hilo fundi asikudanganye, pedi ya kuzungukia mjini na ya kushuka Tukuyu mpaka Kyela ukiwa na magunia nyuma sio kazi moja. Ikipata moto sana inapoteza mshiko, unakanyaga kwa nguvu zote gari linaenda tu. Igeuze uangalie ubavuni, mwisho wa yale maandishi mara nyingi kuna herufi mbili, mfano FF au FE. Ya kwanza ni mshiko wa joto la kawaida, ya pili ni ikishachemka, na E iko chini ya F, F chini ya G. Kwa hiyo FE inalegea ikipata moto. Kama haina maandishi kabisa achana nayo.

DerevaWaKitonga:
Naunga mkono ila boksi la Akebono nalo lifungue palepale dukani maana feki zimejaa, cheki zote nne unene uwe sawa na lile bamba la chuma liwe limenyooka, dai na risiti. Halafu mafuta ya breki umebadilisha lini?? Yananyonya unyevu kwenye hewa. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ila ikishaingia maji kiwango kinashuka mpaka 140, yakichemka mlimani pedali inazama mpaka chini hata kama pedi ni za dhahabu. Na ushuke na gia ndogo, usining'inie kwenye breki.

DadaMafinga:
Mimi sikubali kwamba kila spea lazima iwe ya ghali. Waipa, balbu, ekilina (chujio la hewa ya injini) chukua za kawaida tu. Taa na vioo vya mtumba wa Japani navipenda kuliko mpya za ajabu ajabu. Ila breki, boljointi na tairodi (viungo vya kushika na kukatisha magurudumu) hapo usibane hela kaka, una familia.

MkaziWaUyole:
Asanteni sana wakuu. Nimefungua kikopo cha mafuta ya breki sasa hivi, meusi kama chai ya rangi! Nachukua Akebono na mafuta nabadilisha yote. Je diski nazo, zile sahani zinazobanwa na pedi, nibadilishe?

Spana17:
Sio lazima, zipimwe kwanza. Unene wa mwisho umechapwa kwenye diski yenyewe, tafuta palipoandikwa MIN. Ila kwa huo mkwaruzo Kyela usiende kwanza.