Mkataba umeisha, wiki ya sita sasa stahiki zangu hazijaingia. Nifanyeje?

Kijana wa Stoo: Wakuu habari za jioni. Nilikuwa mtunza stoo kwenye mradi wa barabara Dodoma, mkataba wa mwaka mmoja, ukaisha 31 Machi. Leo 6 Mei, mshahara wa Machi na pesa ya siku za likizo nisizokwenda bado kimya. HR anasema fomu ya kliarensi, ile ya kurudisha vifaa vya kazi, haijakamilika, kisa kizibao kimoja cha reflekta! Nilimkabidhi msimamizi wa saiti mkononi, ila hatukuandikishana. Nikituma meseji naambulia tiki mbili za bluu. Mwajiri mpya naye anataka karatasi ya PAYE (kodi ya mshahara) niliyokatwa tangu Januari.

Mama Faili: Pole mwanangu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akulipe kazi uliyofanya na likizo uliyolimbikiza, tena akupe cheti cha utumishi. Achana na WhatsApp. Andika barua, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri uwe na tarehe!

Mtulivu: Vuta subira mkuu, hao huwa wanalipa ukifika mwezi wa tatu tangu mkataba uishe.

Mzoefu wa CMA: Usimsikilize. Madai ya malipo unapeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi ni 30. Ukipitiliza, unaanza na kuomba kuongezewa muda, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Jaza Fomu Namba 1, nakala mpelekee mwajiri asaini.

Kikokotoo: Kwenye PAYE, mwajiri hukata na kupeleka TRA (mamlaka ya mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Katika barua hiyohiyo omba cheti cha kodi iliyozuiwa, Januari hadi Machi. Pesa ya likizo nayo inakatwa kodi, usije ukadhani umeibiwa. Ukimaliza chungulia michango yako NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Mimi nilikuta miezi miwili haipo, na kwenye slipu ya mshahara nilikatwa vizuri tu.

Kijana wa Stoo: Asanteni sana. Slipu za Januari na Februari ninazo, ya Machi hawakunipa. Barua naichapa kesho asubuhi pale stendi. Halafu nimempigia mlinzi wa geti, anasema reflekta hiyo anaivaa msimamizi mwenyewe kila siku.

Mama Faili: 😂 Mwambie mlinzi apige picha.