Makaburi ya Painswick: yaingizwe ndani au yaachwe mvuani?

Msafiri: Wadau, nimetoka Painswick, Gloucestershire, Uingereza, uwanja wa kanisa la St Mary's. Makaburi ya mawe ya matajiri wa vitambaa vya sufu, karne ya 17 na 18, yanakwisha. Malaika mmoja hana tena pua. Nilimgusa shavu, unga ukabaki kidoleni. Naomba tujadili: michongo bora ihamishiwe ndani ya kanisa, nje ziwekwe nakala?

Fundi Chokaa: Ulimgusa wa nini? Kila mgeni akigusa, mwisho wake ndio huo. Na msiisingizie mvua peke yake. Mawe ya chokaa yakizibwa nyufa kwa saruji, maji hayapati pa kutokea; baridi ikiyagandisha, jiwe linabanduka. Vyuma vinavyoyashikilia vikipata kutu huvimba, vinapasua kona. Toa saruji, ziba kwa chokaa, yabaki hapo hapo.

Mama Kulwa: Kwani mmesahau kuna watu humo? Mnataka kuwafukua?

Fundi Chokaa: Dada, ndani ya lile sanduku la jiwe hamna mtu. Maiti iko chini, udongoni. Sanduku ni alama tu.

Mama Kulwa: Alama tu? Mimi nimemzika baba yangu mwaka jana. Nikienda pale nasema naye, sisemi na alama. Chunga maneno yako.

Mwana wa Bristol: Machozi yote kwa matajiri! Henbury, hapa Bristol, amelala Scipio Africanus, kijana mtumwa aliyefariki 1720 akiwa na miaka 18. Jiwe lake lina makerubi weusi. Juni 2020, sanamu ya Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ilipoangushwa, watu wakaenda kulivunja. Mbona hukufungua mada?

Msafiri: Usinipangie cha kulilia. Nimeandika nilichokiona kwa macho yangu.

Mama Kulwa: Miaka 18! Mtoto kabisa. Kwao aliitwa nani?

Mwana wa Bristol: Jiwe halisemi, mama. Linataja bwana wake, Earl wa Suffolk, na vyeo vyake.

Mama Kulwa: Basi hilo ndilo liingizwe ndani kwanza, kabla ya hao wa sufu.

Mwana wa Bristol: Hapana. Tukilificha, waliolivunja wamepata walichotaka. Lisimame pale pale, wapita njia walisome.

Fundi Chokaa: Hapo niko nawe.