Vipande vyekundu kwenye kwatzi iliyosagwa: nyundo, asidi au mashine?

Mchimbaji_Katavi: Wakuu habarini. Nipo machimboni huku Mpanda. Tumesaga viroba viwili vya kwatzi (jiwe gumu la kung'aa kama kioo) kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), tukaosha kwenye karai, chini vikabaki vipunje vyekundu vinavyong'aa. Rangi si ya dhahabu. Mwamba wenyewe una madoa ya kijani. Mwenzangu anasema ni shaba yenyewe, jirani anasema ni salfa tu. Nigonge nyundo, niweke asidi, au nipeleke kwenye mashine ya kupima? Hela si nyingi.

Kigae: Nyundo kwanza, haina gharama. Weka kipunje juu ya chuma, gonga taratibu. Kikibapa, ni metali laini. Kikisagika kuwa unga, ni pairaiti (madini ya chuma na salfa) au chalkopairaiti (ya shaba, chuma na salfa). Halafu chukua kigae cha sakafu, sugua upande wa nyuma usio na mng'ao: shaba huacha mstari mwekundu, chalkopairaiti mweusi wenye ukijani. Ulanga nao umeshawachezea wengi, lakini huo maji ya karai huubeba. Shaba ni nzito mara 8.9 kuliko maji, kwatzi 2.65 tu.

Dada_wa_Mwaloni: Nyundo haitenganishi shaba na dhahabu yenye wekundu, zote zinabapa. Mimi naamini asidi ya nitriki. Tone moja kwenye kipunje: shaba inayeyuka na maji yanakuwa ya kijani au bluu, dhahabu inabaki pale pale. Fanyia nje, upepo ukutoke mgongoni, maana ule moshi wa kahawia ni sumu. Na tafadhali kaka, usikimbilie zebaki. Shaba safi nayo hushikwa na zebaki, utaishia na donge usilolijua na mvuke kifuani.

Mchimbaji_Katavi: Nimegonga vitano. Vyote vimebapa! Kwa hiyo ni shaba?

Fundi_Karasha: Ni metali, mkuu. Imetoka wapi ndilo swali. Nimetengeneza karasha miaka mingi, nimeona bushi (vipete vya ndani ya mashine) zikilika na watu wakishangilia "madini". Mmelipua huo mwamba? Nyaya za fataki za umeme nyingi ni za shaba, na zikipita kwenye karasha zinakatika vipande vizuri kabisa.

Dada_wa_Mwaloni: Hapo umenikamata. Asidi waya itauyeyusha vile vile.

Fundi_Karasha: Na mashine ya kupima itaandika shaba, shaba, shaba. Itakwambia ni nini, si kwamba kilikuwa ndani ya jiwe. Tafuta lenzi. Waya una unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Shaba ya mwambani imejikunja kama mzizi au kijitawi, mara nyingi imeng'ang'ania punje ya kwatzi.

Jiwe_la_Ziwa: Niongezee kidogo. Madoa ya kijani yasikupe haraka. Malakaiti, yaani madini ya shaba ya kijani, hutokea pia chalkopairaiti inapochakaa karibu na uso wa ardhi, bila shaba tupu kuwepo. Shaba iliyochimbwa ikiwa metali kwa wingi ni ile ya Keweenaw, Michigan huko Marekani. Kwetu ukiipata ni kidogo kidogo. Ukitaka kulipia kipimo, peleka mawe yasiyosagwa, hata GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma, wakupimie shaba na dhahabu kwa pamoja. Vipunje ulivyochagua kwa mkono havisemi tani moja ya mwamba ina nini.

Kigae: Naungana na Fundi. Vunja jiwe jipya kwa mkono, mbali na karasha.

Mchimbaji_Katavi: Nimerudi wakuu. Vile vitano, vinne vimenyooka, unene mmoja, kimoja bado kina ganda la plastiki pembeni. Mwenzangu amenuna. Cha tano hakijanyooka, kina kwatzi imebana katikati. Leo tumevunja mawe kumi na moja kwa nyundo kutoka ukuta ule ule, tumepata kijidoa kimoja chekundu ndani ya ufa. Nimekiacha humo humo kwenye jiwe, nimelifunga kwenye kitambaa. Hilo ndilo litasafiri Dodoma.

Fundi_Karasha: Na hizo nyaya usitupe, mnunuzi wa skrepa anapita Jumamosi.