Ramadhani ugenini: mtoto asiyefunga ajifiche kunywa maji?

Mama Neema (Muscat)
Sisi Walutheri wa Moshi, huu mwaka wa tatu tuko Al Khuwair. Juzi mwanangu wa miaka 10 kashuka kwenye basi la shule midomo imemkauka, chupa imejaa mkobani. "Mama, dereva amefunga, nikaona aibu." Sheria ya jinai ya Oman naijua, kifungu cha 277: kula hadharani mchana wa Ramadhani ni jela, siku 10 hadi miezi 3. Lakini huyu ni mtoto! Shuleni wasiofunga wanakulia stoo, mlango umefungwa. Nimwambie afunge nusu siku na wenzake, au nimwambie kunywa maji si kosa? Sisemi watu wa hapa wabaya. Jirani yangu Mwomani, mzaliwa wa Unguja, kila magharibi anatuletea sahani ya kaimati na sambusa. Asubuhi namrudishia imeoshwa safi.

BintiMkunazini
Imeoshwa safi, na ndani mna nini?

Mama Neema
Hamna kitu. Nimwekee nini mtu aliyefunga?

BintiMkunazini
Sahani inarudi tupu kila siku? Mie Mkristo wa Unguja, nimekulia nyuma ya kanisa la Mkunazini. Mama yangu hata kibakuli cha kuazimia chumvi hakukirudisha kitupu. Atatia ndizi mbili, atatia sukari, lakini kitupu hakitoki mlangoni kwake.

Mdubai
Jamani, kaulizia maji ya mtoto. Hapa Dubai tangu 2021 migahawa hailazimishwi kuweka mapazia mchana, na kazini tunapunguziwa saa 2 sote, ufunge usifunge. Oman kupunguziwa kazi hadi saa 6 kwa siku ni kwa Waislamu tu. Huko mnawaonea watu.

MwanaSeeb
Ndugu, umewahi kuishi Oman? Mwanangu ana miaka 7, hajafikia kufunga, anakunywa maji ndani ya basi na dereva anamwona. Huyo wa Mama Neema hakukatazwa na mtu, kaona haya mwenyewe. Ni adabu hiyo.

Mdubai
Na kufungiwa stoo ni adabu?

MwanaSeeb
Stoo ni kosa la shule. Usiisukumie dini.

Baba Joshua (Nairobi)
Mimi nilikaa Doha miaka 4 na sikupokea hata tende. Leo unakula futari ya mtu, kesho anakwambia silimu. Kwani nyumbani kwenu hampiki?

BintiMkunazini
Baba Joshua, hapo umenikera. Nimekula futari za majirani miaka 40 na Jumapili niko kwenye kwaya. Miaka 4 hujaonja tende ya jirani! Ulikwenda kuishi na watu au na kuta?

Baba Joshua (Nairobi)
Usinitukane, dada. Nilifanya kazi usiku, majirani sikuwajua.

MwanaSeeb
Basi usiseme watu wanalisha ili wasilimishe. Kufuturisha ni thawabu, na chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, ni halali kwetu, Al-Maida aya ya 5. Mama Neema apike tu.

Shangazi wa Tanga
Kuku je, kachinjwa na nani?

MwanaSeeb
Kuku wa madukani Muscat ni halali, shangazi. Ila apike kitu cha unga, roho zitulie.

Mkatekista
Mmesahau na Kwaresima. Mwaka wa 2025 Jumatano ya Majivu, inapoanza Kwaresima, ilikuwa 5 Machi, na mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache tu nyuma. Mtoto afunge ya kwao, aache peremende. Maji anywe.

Mama Neema
Nimesoma yote, nyingine zimeniuma. Jana nimechoma vitumbua 12, mtoto ndiye aliyebeba sahani. Yule bibi jirani kamvuta ndani dakika chache kabla ya adhana, kamwekea glasi ya sharubati ya Vimto, kamwambia, "Kunywa mwanangu, wewe hujafunga." Hakuigusa. Kakaa mkekani nao mpaka adhana, ndipo akanywa. Kurudi kaniuliza kama kesho atapeleka tena. Ile ya stoo nimewaandikia shule barua, sijajibiwa.

Mdubai
Barua hiyo usiiache. Fuatilia.

BintiMkunazini
Vitumbua 12, na nyumba ile ina watu wangapi? Mchele uroweke usiku kucha, hiliki usiibanie, na kesho uchome 30.

Shangazi wa Tanga
Tui zito lakini. La kopo halifai.