Naomba ushauri: miR-200c imepanda kwenye sampuli za ini

Ndugu wataalamu na wanafunzi wenzangu, salaam.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu RNA zisizotengeneza protini na mchango wake katika kusambaa kwa saratani ya utumbo mpana, nami nimekwama. miR-200c, mojawapo ya RNA hizo fupi (mikroRNA), huizuia ZEB1, protini inayodhibiti jeni, ambayo nayo huizima E-kadherini, protini inayozishikanisha seli. Kwa hiyo miR-200c ikipungua, seli huachana na kuanza kuhama. Nilitarajia basi kuikuta chini zaidi katika uvimbe uliohamia ini, lakini vipimo vyangu vya PCR (vya kupima kiasi cha RNA) vinaonyesha iko juu kuliko katika uvimbe wa awali wa wagonjwa walewale. Nimerudia mara tatu, nikabadilisha hata RNA ya ulinganisho kutoka ile iitwayo U6 hadi nyingine, bila tofauti. Nimesoma kwamba seli zikishafika ini huweza kurejea hali ya kushikamana ili zijenge uvimbe mpya. Maelezo hayo yananivutia, ila nachelea kuyakubali kwa sababu tu yananifaa.

Je, yawezekana uvimbe wa awali ulikuwa na tishu-unganishi nyingi, ambayo huwa na miR-200c kidogo, hivyo ninachokiona ni tofauti ya mchanganyiko wa seli tu? Na je, kuzitia rangi ZEB1 na E-kadherini katika vipande vya tishu zilezile kutatosha kuyatenganisha maelezo haya mawili, au kuna kipimo bora zaidi?

Natanguliza shukrani.